Watoto wa Karatasi

Kila Jumamosi saa nane mchana nilikuwa nikisoma gazeti kwa sauti katika chumba cha nyuma cha duka moja la vyakula, barabara ya Alum Rock, mjini Birmingham, Uingereza. Nilikaa juu ya gunia la mchele. Wasikilizaji wangu walikaa juu ya magunia mengine, au walisimama wakiegemea rafu za dengu na bizari. Nilisoma sentensi ya Kiingereza, nikaifasiri kwa Kiswahili, kisha nikangoja maswali. Wengi wao walikijua Kiingereza cha kazini na cha sokoni, lakini Kiingereza cha bajeti kina milango ambayo hata Waingereza wenyewe huipita bila kuiona. Baadhi yetu tulikuwa Wakenya Waafrika. Wengine walikuwa Wahindi na Masingasinga waliotoka Kisumu, Nakuru na Kampala. Tulitofautiana kwa dini, kwa chakula na kwa mengi zaidi, ila Kiswahili kilitutosha sote.

Nilikuwa na sharti moja: hakuna mtu kuleta habari ya "nasikia" kabla sijamaliza ukurasa. Kule Taita nilikuwa nimefundisha shule kwa miaka mingi, na hapa nilikuwa mkaguzi wa vipuri katika kiwanda cha magari cha Longbridge. Kazi zote mbili zilinifunza jambo lile lile. Mwanafunzi akisema amesoma, mwulize. Kipuri kikisemwa ni sawa, kipime.

Mwenye duka ndiye aliyekuwa akilivunja sharti langu kuliko wote. Alizaliwa Kisumu, nyuma ya duka la baba yake, na uvumi ulimfikia kabla ya wanaouzua.

"Mwalimu," aliniambia Jumamosi moja kabla sijafungua gazeti, "leo habari iko mbaya. Nasikia serikali nakata watoto."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani? Taja mmoja."

"Ah, Mwalimu, wewe nakaa kama polisi! Soma basi, utaona."

Nilisoma, na kwa mara moja katika maisha yake uvumi wake ulikuwa na mizizi. Jambo lenyewe, nikilieleza kwa ufupi, lilikuwa hivi. Mfanyakazi mwenye watoto alikatwa kodi ndogo kuliko asiye nao. Hilo lilikuwa punguzo lake, na lilihesabiwa hata kama watoto wake walikuwa nchi nyingine. Sasa serikali ilikusudia kuliondoa punguzo hilo, na mahali pake kumpa mama fedha mkononi, kila wiki, pale posta. Lakini fedha hizo zingelipwa kwa ajili ya mtoto anayeishi Uingereza tu. Mtoto aliyebaki Taita, Maragoli au Kisumu hangepata kitu, na baba yake angelikosa punguzo pia.

Serikali yenyewe ilikuwa dhaifu. Ilikuwa imeupoteza wingi wake bungeni, ikaishi kwa hisani ya chama kidogo, na kila kura ilipokaribia ilihesabu watu wake kama mchungaji aliyesikia fisi. Nchi nzima ilikuwa imekasirika. Kiwandani jirani yangu wa meza, Mwingereza mzaliwa wa Northfield, alisema kila asubuhi: "Wamepandisha kodi ya petroli. Natumia petroli kuja kutengeneza magari nisiyoweza kuyatia petroli." Mishahara ilikuwa imefungiwa isipande, bei hazikufungiwa. Hasira yao na yetu zilitoka chungu kimoja, ila wao hawakujua hivyo, kwa maana walikuwa wameambiwa kuwa sisi tunafaidi. "Hebu sema kweli," mtu yule aliniuliza siku moja mbele ya wenzake, "una watoto wangapi wa karatasi?" Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba wageni hubuni watoto walioko mbali ili wasilipe kodi. Nikamwambia ninao wawili, wana miguu miwili miwili, na mkubwa amemshinda yeye kwa hesabu. Walicheka. Mimi sikucheka.

Katika chumba kile cha nyuma alikuwapo mtu mmoja ambaye habari ile ilimwingia kuliko wote. Alikuwa rafiki yangu, mtu wa Maragoli, mnene kidogo, mpole, aliyesukuma machela katika hospitali moja ya mji. Tulifika Birmingham karibu wakati mmoja, naye aliishi Stechford, mitaa miwili kutoka kwangu. Alikuwa na watoto watatu nyumbani. Wa kwanza, binti, alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, na barua za mwalimu wake mkuu zilimsifu hata rafiki yangu akazibeba mfukoni hospitalini, akawasomea wagonjwa aliowasukuma. Karo ya binti huyo ilitoka katika punguzo lile, moja kwa moja. Hakuwa na pengine pa kuitoa.

"Mwalimu," alisema nilipokunja gazeti, "wakiondoa hii, mtoto wangu haendi kidato cha tatu. Sitii chumvi."

"Hawajaiondoa bado," nilimjibu. "Wanakusudia. Na serikali inayoomba kura kila mlango haiwezi kufumba macho ikiombwa kwa ushahidi."

Wakati ule ule kiti cha ubunge cha Stechford kilikuwa wazi, na uchaguzi mdogo ulikuwa unakuja. Kila jioni mtu fulani aligonga mlango akiomba kura, akiwa na ua la karatasi la chama chake kifuani. Niliamua tuandike ombi. Nilisema litakuwa fupi, litatiwa sahihi na wazazi peke yao, na kila mzazi ataleta hati ya kila mtoto: cheti cha kuzaliwa, au kadi ya ubatizo, au barua ya shule yenye mhuri. Kama walidai watoto wetu ni wa karatasi, basi tungewaletea karatasi. Sentensi ya kwanza niliiandika mwenyewe kwa wino mweusi: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini ni wazazi waliowazaa watoto waliotajwa." Niliipenda sentensi hiyo. Ilikuwa wima kama ukuta.

Jumamosi iliyofuata walileta hati zao. Nilizipokea juu ya kreti la vitunguu lililofunikwa gazeti, nikazilinganisha na majina, moja baada ya nyingine. Zamu ya rafiki yangu ilipofika alinipa kadi tatu za ubatizo zilizofungwa kwa uzi. Nilifungua ya kwanza. Jina la baba halikuwa lake. Nikafungua ya pili, na ya tatu.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza.

"Ndugu yangu. Alifariki mtoto wa mwisho akiwa bado hajaanza kutembea."

"Kwa hiyo hawa si watoto wako."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mkono wake ni wake. "Ni wangu. Ni wa nani wengine?"

"Katika fomu ya kodi uliandika nini?"

"Niliandika watoto wangu. Watatu. Na majina yao."

Nilijua, kama walivyojua wote, kwamba alisema kweli kwa desturi yetu. Ndugu akifa, watoto hawabaki bila baba. Baba hubadilika sura tu. Lakini sikuwa nikiandikia desturi yetu. Niliwaza kuhusu jirani yangu wa Northfield na mdomo wake. Niliwaza kwamba mtu mmoja akipatikana na dosari, ombi zima litatupwa, na tutaitwa waongo sote. Nikachukua rula, nikailaza chini ya jina lake, nikalifuta kwa mstari mmoja ulionyoka.

"Sentensi inasema waliowazaa," nilisema. "Wewe hukuwazaa."

Hakupandisha sauti. Alizikusanya kadi zake, akazifunga tena kwa uzi ule ule. "Mwalimu," alisema, "umenizidi kusoma. Lakini siku ndugu yangu alipozikwa hapakuwa na mtu wa rula." Akatoka. Sukari aliyokuwa amenunua aliiacha juu ya kaunta.

Mwenye duka aliisukuma ile pakiti ya sukari upande wangu. "Sheria iko, Mwalimu," alisema polepole. "Nakubali. Lakini mtu pia iko."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimefanya haki. Mke wangu alikuwa amenitolea sanduku la chuma tulilotunzia hati, ili nichukue zile za wanangu wawili waliobaki kwa bibi yao. Nilizipata. Chini yake kulikuwa na hati zangu mwenyewe, ambazo sikuwa nimezigusa tangu nilipoomba pasipoti. Nilizitoa kwa sababu ya mazoea ya mkaguzi tu: kitu kikiwa mbele yako, kipime.

Kadi yangu ya ubatizo ilitaja jina la baba yangu, aliyefariki nikiwa na umri wa miaka minne. Cheti changu cha shule kilitaja jina jingine. Kilitaja la baba yangu mdogo. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka misheni, na padre alipouliza baba wa mtoto huyu ni nani, alijibu, "Mimi." Jina hilo lilinifuata chuo cha ualimu, likaniongoza kwenye pasipoti, likavuka nami hadi Birmingham. Katika kila fomu niliyopewa na maofisa wa nchi hii, penye nafasi ya baba, niliandika jina la mtu asiyenizaa. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Sikuwa nimesema uongo. Wala sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kuuita hivyo.

Nilimweleza mke wangu yote, pamoja na habari ya rula. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Basi jifute na wewe," alisema.

Jumatatu nilibadilishana zamu, nikaenda maktaba kuu ya mji. Sikwenda kutafuta faraja. Nilikwenda kutafuta sheria yenyewe, maana nilikuwa nimemhukumu mtu kwa sheria ambayo sikuwa nimeisoma. Mkutubi alinitolea kitabu kizito, nikakaa nacho tangu asubuhi hadi alasiri. Haikuwa rahisi, lakini niliipata. Haikumtaja mtoto wa kuzaa peke yake. Ilimtaja pia mtoto ambaye mlipa kodi yuko mahali pa mzazi wake na anamtunza kwa gharama yake mwenyewe. Niliinakili neno kwa neno, nikaandika nambari ya ukurasa, nikaisoma tena dhidi ya kitabu ili nisije nikaongeza kitu. Ukuta wangu wa wino mweusi ulikuwa mwembamba kuliko sheria ya Waingereza. Nilikuwa nimewazidi Waingereza kwa ukali.

Jioni ile nilikwenda Stechford, nyumbani kwa rafiki yangu, nikiwa na ile pakiti ya sukari. Mkewe alifungua mlango nusu.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji," alisema, lakini mlango haukufunguka zaidi. "Yuko ndani. Sijui kama yuko kwa ajili yako."

Sauti ikatoka jikoni: "Mwulize kama amekuja na rula!"

"Nimekuja na sukari," nikajibu kwa sauti.

Nikasikia kiti kikivutwa. Nilipoingia sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama kwamba nilimkosea, na kwamba nilimkosea mbele ya watu, kwa hiyo nitamwomba radhi mbele ya watu hao hao. Kisha nikaweka mezani kadi yangu ya ubatizo na cheti changu cha shule, kimoja kando ya kingine, nikamwacha asome. Alisoma kwa muda mrefu.

"Kumbe," alisema hatimaye, "wewe pia ni mtoto wa karatasi."

"Ndiyo."

"Na umekaa juu ya gunia miaka yote hii ukitukemea."

"Ndiyo."

Hapo alicheka, cheko la mtu aliyechoka, na mkewe akaweka maji ya chai. Lakini sikuwa nimemaliza, na lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Nilimwonyesha niliyoyanakili maktaba. Nikamwambia kwamba sheria inamtambua, ila fomu yake haikusema ukweli wote, na kwamba lazima aende ofisi ya kodi mwenyewe, kabla hajaitwa, aseme hawa ni watoto wa marehemu ndugu yake na yeye ndiye anayewatunza.

"Wakikataa?"

"Wakikataa utalikosa punguzo sasa hivi, badala ya kulikosa pamoja na wenzako baadaye."

"Na binti haendi kidato cha tatu."

"Huenda ikawa hivyo."

"Mwalimu, mtu anyamaze tu. Nani atajua?"

"Utajua wewe. Na mtu wa kwanza atakayekuuliza ukiwa umesimama mbele ya watu, utatazama chini. Sitaki utazame chini."

Alinisukumia kikombe cha chai. Mimi nilirudi nyumbani nikaiandika upya sentensi ya kwanza: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunawalea na kuwatunza watoto waliotajwa." Jumamosi niliisoma kwenye magunia, nikaomba radhi kama nilivyoahidi, kwa maneno machache. Mwenye duka alitaka kunikumbatia, nilimzuia. Rafiki yangu alikuja mwisho, akachukua kalamu, akaandika jina lake upya, juu kidogo ya lile nililolifuta. "Liache lile lililofutwa," aliniambia nilipotaka kunakili kwenye karatasi safi. "Waone kwamba tulikaguliwa."

Mkutano wa uchaguzi ulifanyika katika ukumbi wa shule moja ya Stechford. Mgombea wa chama kilichokuwa serikalini hakufika. Alikuja mtu wa kumsemea, kijana wa suti ya kahawia mwenye mafua. Watu walimrukia kabla hajatoa leso. Mmoja aliuliza kuhusu petroli. Mwingine aliuliza kwa nini mshahara wake umefungwa na mkate haujafungwa. Mama mzee aliyeshika kikapu alisema amekipigia kura chama hicho tangu vita vilipoisha, na sasa anataka kuambiwa kitu kimoja tu cha hakika. Kijana alijibu kila mtu kwa jibu lile lile: serikali haina wingi bungeni, kwa hiyo haiwezi kuahidi.

Nilisimama. Nilisikia miguno kwenye viti vya nyuma. Nikamsomea ombi letu, dakika tatu, sikuzidisha. Akanijibu alivyowajibu wengine.

"Bwana," nikasema, "nimekuwa nikiandika majibu yako. Mnapotaka kutoza, hakuna aliyesikia kwamba hamna wingi. Mnapoombwa kuahidi ndipo wingi unapopotea. Ningependa kujua wingi huo unakwenda wapi katikati."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilikuwa ndani ya kicheko cha Waingereza, si mbele yake. Hakikudumu. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Waulize na habari ya wale watoto wa karatasi! Wangapi ni wa kwao kweli?"

Kabla sijageuka rafiki yangu alikuwa amesimama. Kiingereza chake kilikuwa cha hospitali, kifupi na cha adabu, kama alivyozoea kuzungumza na wagonjwa.

"Mimi nina watatu," alisema. "Hakuna hata mmoja niliyemzaa. Baba yao ni ndugu yangu. Amekufa. Ninawalisha, ninawasomesha. Jumatano iliyopita nilikwenda ofisi ya kodi kuwaambia hivyo, mimi mwenyewe, hakuna aliyeniita. Bado sijajibiwa. Wewe bwana, ndugu yako akifa, watoto wake utawapeleka wapi?"

Mimi sikuwa nimejua kwamba amekwenda. Mtu yule alianza kusema jambo jingine, lakini mama mwenye kikapu akageuka kitini. "Mwache amalize," alisema, na yule akaacha. Rafiki yangu hakuwa na zaidi. Alikaa. Hakutazama chini.

Tukiwa njiani nilimwuliza kilichotokea ofisini. Alisema alipokelewa na mama mmoja mwenye miwani, akamweleza, akamwonyesha nakala yangu ya sheria. Mama yule aliuliza swali moja tu: "Una ushahidi kwamba wewe ndiye unayewatunza?" Rafiki yangu akarudi nyumbani akachukua bati la biskuti, akamfungulia mezani. Stakabadhi zote za karo zilikuwamo, tangu binti alipoanza darasa la kwanza, pamoja na vipande vya hundi za posta na barua za mwalimu mkuu. Mama aliomba aache bati lile kwake. "Hilo ndilo lililoniumiza," aliniambia. "Kuliacha bati."

Katika uchaguzi ule serikali ilipoteza kiti. Wiki chache baadaye iliiondoa nyongeza ile ya kodi ya petroli, kwa sababu chama kile kidogo kilikataa kuiunga mkono. Jirani yangu wa meza alikuja akiimba. Nilipoiona habari hiyo gazetini nilijifunza jambo ambalo ningelifundisha darasani kama ningelikuwa bado nalo: serikali dhaifu hailegei kwa wanyonge. Hulegea kwa walio na kitu inachokihitaji. Wenye magari walikuwa wengi. Sisi tulikuwa magunia machache nyuma ya duka. Ombi letu tuliandikiwa kwamba limepokelewa, na kwamba litazingatiwa. Barua hiyo ninayo hadi leo. Punguzo la watoto walioko ng'ambo liliendelea kupunguzwa hatua kwa hatua, hadi likaisha.

Lakini bati lilirudi. Lilirudi kwa posta, limefungwa vizuri, na barua iliyosema maelezo yake yamekubaliwa, na watoto wake watahesabiwa kama wanavyohesabiwa watoto wa wenzake kwa muda ambao punguzo litakuwapo. Rafiki yangu alihesabu stakabadhi kabla ya kusoma barua. Hakuna hata moja iliyopungua.

Ndipo ikafika barua ya binti. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha pili, nao uvumi ulikuwa umefika hadi bwenini kwake, sijui kwa njia gani. "Baba," aliandika, "watu wanasema Wazungu wamewakatia fedha kwa sababu yetu. Mama mkubwa tunayekaa naye anasema nikae nyumbani nimsaidie, wadogo wasome. Niambie kama ni kweli, ili nisipeleke sanduku shuleni bure."

Rafiki yangu aliniletea barua hiyo chumba cha nyuma, siku isiyo ya gazeti, akaniomba nimwandikie jibu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hakuuamini tu. Nilichukua kalamu nikasema nitaandika yale tunayoyajua, si zaidi.

"Andika," alisema.

Niliandika kwamba ombi letu halikushinda. Niliandika kwamba punguzo lipo bado, ila litapungua mwaka hadi mwaka, na hakuna mtu serikalini anayeweza kusema litaisha lini hasa. Niliandika kwamba baba yake ameongeza kazi ya Jumapili hospitalini, jambo ambalo ni kweli kwa sababu nimemwona kwa macho yangu akipita na baiskeli asubuhi watu wakienda kanisani. Nikamsomea.

"Hayo yote ni kweli," alikubali. "Lakini atapeleka sanduku au hapeleki? Hujamwambia."

"Hilo ni lako kusema. Mimi si baba yake."

Alinitazama, nami nikamtazama, na mwenye duka, aliyekuwa akijifanya kupanga mikebe, akaacha kujifanya.

"Basi ongeza," rafiki yangu alisema. "Andika: peleka sanduku."

Nikaandika. Kisha nikampa kalamu, naye akatia sahihi pale chini, penye neno baba.